Kuendesha Kikundi cha Wazazi Wanaosomesha Watoto Nyumbani: Mfano wa Pennsylvania

Makala haya yanahusu jambo ambalo mwalimu wa Tanzania hakutani nalo katika kazi yake ya kila siku, yaani kusomesha watoto nyumbani badala ya shuleni, na hasa namna wazazi wafanyao hivyo wanavyoweza kuungana katika kikundi kimoja ilhali hawana dini moja. Nchini mwetu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimpa mzazi wajibu wa kumwandikisha mtoto shule atimizapo miaka saba, na sina nia ya kumshawishi mtu yeyote aukwepe wajibu huo. Mimi ni mkufunzi wa walimu. Shule ndiyo kazi yangu.

Hata hivyo nimeona yafaa kulileta jambo hili mbele ya wakufunzi wenzangu. Kwanza, katika kipindi cha Elimu Linganishi wanachuo hunitaka nieleze kwa nini nchi tajiri yenye shule kila mtaa ina wazazi wanaowatoa watoto wao shuleni. Pili, mwanachuo wangu wa zamani, aliyefundisha darasa la nne kwa miaka mitatu kabla ya kumfuata mumewe Marekani, alijikuta akilianzisha kundi la namna hiyo katika jimbo la Pennsylvania, na kwa muda wa miaka miwili tumeandikiana juu ya shida zake. Mengi ya shida hizo ni shida za ufundishaji.

Jinsi alivyoingia katika kazi hii

Mwanawe wa kwanza, mwenye umri wa miaka tisa wakati ule, ana kigugumizi. Darasani alichekwa, akaacha kujibu maswali, kisha akaacha kusema kabisa akiwa shuleni. Wazazi walizungumza na mwalimu wake mara kadhaa pasipo mafanikio, ndipo mama akaamua kumsomesha mwenyewe nyumbani. Alijiona ana uwezo, maana ni mwalimu. Baada ya miezi minne aligundua kwamba hesabu na kusoma havikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba mtoto alipitisha juma zima bila kucheza na mtoto mwingine ila mdogo wake, na mama mwenyewe hakuwa na mtu mzima wa kushauriana naye mchana kutwa.

Akasikia habari za kikundi cha wazazi katika mji wake. Katibu wa kikundi alimpokea kwa upole, akampa karatasi ya kutia sahihi. Karatasi ile ilikuwa tamko la imani ya Kikristo, tena ya madhehebu maalumu. Mama huyu ni Mwislamu kutoka Tanga. Aliirudisha karatasi, akashukuru, akaondoka na watoto wake. Ndipo aliponiandikia: Shikamoo Mwalimu, nawezaje kuanzisha kikundi ambacho mtu haulizwi anaamini nini mlangoni?

Msomaji asidhani kwamba kisa kile kilikuwa cha ajabu. Katika miaka ya 1970 watetezi wa kwanza waliojulikana sana wa kusomesha watoto nyumbani huko Marekani hawakusukumwa na dini. John Holt, aliyekuwa mwalimu na aliyeandika mwaka 1964 juu ya namna watoto wanavyoshindwa shuleni, alianzisha mwaka 1977 gazeti la wazazi wasiopeleka watoto shule, akaliendeleza mpaka alipofariki mwaka 1985. Lakini katika miaka ya 1980 familia nyingi za Kikristo ziliingia katika harakati hizi, zikajipanga vizuri, zikaanzisha mwaka 1983 chama cha kuzitetea mahakamani na katika mabunge ya majimbo. Kufika mwaka 1993 kusomesha nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50. Kwa kuwa familia hizo ndizo zilizojenga vikundi vingi vya kusaidiana, zilivijenga kwa mfano wa jumuiya zao za dini, na tamko la imani likawa ufunguo wa mlango. Hilo ni haki yao. Ila mwenye imani nyingine, au asiye na dini, alibaki nje.

Na hao walio nje wamekuwa wakiongezeka. Serikali ya Marekani ilikadiria kuwa watoto 850,000 hivi walisomeshwa nyumbani mwaka 1999, nao walikuwa asilimia 1.7 ya watoto wa umri wa shule. Mwaka 2012 walikadiriwa kufika milioni 1.8, au asilimia 3.4. Wazazi walipoulizwa mwaka 2016 sababu iliyo kubwa kuliko zote, asilimia 34 walitaja mazingira ya shule, kama usalama, dawa za kulevya na maonevu ya wenzao. Asilimia 16 walitaja mafunzo ya dini. Ulipokuja ugonjwa wa Uviko mwaka 2020, Idara ya Sensa ilionyesha kwamba nyumba zenye watoto wa umri wa shule zilizokuwa zikisomesha nyumbani zilipanda kutoka asilimia 5.4 majira ya kuchipua hadi asilimia 11.1 majira ya kupukutika, na miongoni mwa nyumba za Wamarekani weusi kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1.

Matakwa ya sheria

Kila jimbo lina sheria yake. Texas haimtaki mzazi hata kutoa taarifa. Pennsylvania, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1988, ni kali zaidi, na kwa maoni yangu ni afadhali hivyo. Mzazi anayesimamia masomo sharti awe amemaliza shule ya sekondari. Kila mwaka hupeleka kiapo cha maandishi kwa mkuu wa elimu wa wilaya yake. Mtoto sharti asome siku 180, au saa 900 kwa ngazi ya msingi. Mzazi hutunza jalada lenye daftari la kumbukumbu na vielelezo vya kazi za mtoto, na kila mwaka mtathmini mwenye sifa zilizowekwa na sheria, kwa kawaida mwalimu mwenye leseni, hulikagua jalada na kuzungumza na mtoto. Masomo yametajwa kwa majina, na mojawapo lilinifurahisha: usalama, pamoja na mafundisho ya mara kwa mara kuhusu hatari za moto na namna ya kuuzuia.

Nimeyaeleza haya kwa sababu kazi ya kwanza ya kikundi cha mama huyu ilikuwa makaratasi. Familia nne za mwanzo zilikutana katika chumba cha mikutano cha maktaba ya umma kujifunza kutunza jalada. Mama mmoja alikuwa Mkatoliki kutoka Kongo mwenye watoto watano; familia moja ilikuwa ya wenyeji wasio na dini; nyingine ilikuwa ya Wayahudi washikao Sabato. Hakuna aliyemwuliza mwenzake habari za imani, kwa kuwa wote waliogopa tarehe ile ile ya mwisho ya kupeleka tathmini, yaani 30 Juni. Hofu ya pamoja ni mwanzo mzuri wa kikundi, lakini haiwezi kukiendesha kwa mwaka mzima.

Mambo mawili yanayochanganywa

Tulipoanza kuandika kanuni, mama huyu alitaka kikundi chake kiwe «cha wote». Nilimwomba atenganishe mambo mawili. Kikundi kuwa cha wote ni habari ya mlango: nani anaingia. Kikundi kutofungamana na dini ni habari ya meza: ni nini kinachofundishwa mbele ya watoto wote. Mtu aweza kuwa na mlango mpana na meza isiyo na utaratibu, na hapo ndipo vikundi vingi huvunjika. Wakikaribishwa wote, na kila mmoja akaruhusiwa kufundisha imani yake kama somo la wote, basi mwenye sauti kubwa au mwenye watu wengi ndiye atakayetawala, na wengine wataondoka kimya kimya mmoja mmoja.

Kwetu Tanzania jambo hili si geni. Tumezoea kusema kwamba Serikali haina dini lakini watu wake wanazo. Shuleni mwetu kipindi cha dini hutengwa, watoto wakagawanyika kwa walimu wa dini zao, kisha wakarudi pamoja kwenye hesabu. Mwalimu wa sayansi aweza kuwa shehe au mzee wa kanisa, na hakuna anayemtaka aache imani yake mlangoni. Anatakiwa tu asiifanye kuwa somo la sayansi. Mama huyu alikuwa ameuishi utaratibu huo maisha yake yote bila kuutafutia jina, na nilipomkumbusha aliandika kanuni mbili kwa nusu saa. Ya kwanza ilisema kwamba familia yoyote inakaribishwa, iwe na dini au isiwe nayo, ya rangi na ukoo wowote, na mtoto mwenye ulemavu asimamie shughuli zile zile kwa msaada atakaouhitaji. Ya pili ilisema kwamba masomo ya pamoja yatafuata elimu inayokubaliwa na wataalamu wa somo lenyewe, na kwamba dini hufundishwa nyumbani kwa kila familia.

Kanuni ya pili ilijaribiwa mapema kuliko tulivyotazamia, tena kutoka pande mbili.

Upande wa kwanza, baba mmoja aliyejiunga na kikundi miezi michache baadaye alijitolea kufundisha miamba na mabaki ya viumbe vya kale. Alikuwa mchangamfu, na watoto walimpenda. Kitabu alichokileta kilisema dunia ina umri wa miaka elfu chache tu. Wataalamu wa miamba wanaipa dunia umri wa miaka bilioni 4.5 hivi. Upande wa pili, juma lile lile, mama mmoja asiye na dini alimcheka mtoto wa Kikongo aliyefumba macho kuombea chakula chake, akamwambia mbele ya wenzake kwamba anaongea na hewa.

Nakiri kwamba ushauri wangu wa kwanza haukuwa mzuri. Nilimwambia aitishe mkutano, wote wasemewe pamoja. Alinijibu kwamba nimesahau alivyonifundisha mimi mwenyewe kuhusu kumrudi mwanafunzi: usimwaibishe hadharani. Akaenda kwa kila mmoja peke yake. Yule mama alielewa upesi. Kanuni ilikuwa inamkataza kuhubiri kutokuamini kwake kama ilivyowakataza wengine kuhubiri imani zao. Alimwomba radhi mtoto, na tangu siku ile kabla ya kula huwa pana kimya kifupi, kila mtu akafanya lake. Yule baba hakuelewa. Aliambiwa anaweza kufundisha miamba kwa kitabu kingine, au kufundisha useremala ambao ni fundi wake, na kitabu chake akisome na wanawe nyumbani. Alisema anafukuzwa kwa ajili ya imani yake. Aliondoka na watoto wake wawili, na mmoja wa hao wawili alikuwa rafiki wa kwanza ambaye yule mtoto mwenye kigugumizi alimpata katika nchi ile.

Mama aliniandikia usiku wa siku ile akiuliza kama amekosea. Nilimwambia kwamba kwa kanuni hakukosea. Lakini nilimwambia pia kwamba kosa lilikuwepo, nalo lilitangulia siku ile: familia ile ilipojiunga haikusomewa kanuni. Ilikaribishwa kwa furaha, ikapewa chai na ratiba. Tangu hapo kila mzazi mpya huketi na mwanachama mmoja, akasomewa kanuni zote mbili na kupewa mifano ya mambo yaliyokwisha kutokea, pasipo majina, kabla watoto hawajaanza kupendana.

Somo la kivuli

Sasa nije kwenye ufundishaji wenyewe. Kikundi kina watoto wa umri wa miaka mitano hadi kumi na minne, nao hukutana mara moja kwa juma. Wazazi walitaka kuwagawa kwa umri kama madarasa. Kwa watoto kumi na tisa, hilo lingehitaji walimu wengi na kuzaa vikundi vya watoto watatu watatu. Mama alikumbuka mazoezi yake ya kufundisha katika shule ya kijijini ambako mwalimu mmoja alishika madarasa mawili katika chumba kimoja. Njia ni kuchagua kitu kimoja kilicho wazi kwa wote, kisha kumpa kila umri swali lake juu ya kitu hicho.

Tulichagua kivuli cha fimbo, na tukapatana kwamba wanachuo wangu wafanye somo lile lile siku ile ile, 20 Machi, ambapo mchana na usiku hukaribia kulingana. Andalio lilikuwa hivi. Fimbo iliyonyooka husimikwa ardhini, mita moja kamili ikibaki juu, na wima wake hupimwa kwa uzi wenye jiwe. Watoto wadogo huweka kijiwe penye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi na kusema kama kinafupika au kinarefuka. Wa kati hupima kwa sentimita na kuchora grafu. Wakubwa hutafuta pembe ya jua kwa kuchora pembetatu kwa kipimo.

Wao wako karibu latitudo 40 Kaskazini, nasi hapa Pwani tuko karibu latitudo 7 Kusini. Kivuli chao kifupi kuliko vyote kilikuwa sentimita 84, kikielekea kaskazini. Chetu kilikuwa sentimita 12 tu, kikielekea kusini. Wanachuo wangu walibishana kwa muda mrefu juu ya ule mwelekeo, mpaka mmoja alipoleta tufe na tochi. Jambo jingine lililowashangaza watoto wa kule ni kwamba adhuhuri ya jua haikufika saa sita mchana bali saa saba na dakika kama kumi, kwa kuwa huko saa husogezwa mbele saa moja kuanzia Machi. Mtoto wa miaka saba aliuliza ni nani aliyelidanganya jua. Wakubwa walijumlisha pembe, 40 na 7, wakapata 47. Wakapima kwenye tufe umbali wa kaskazini hadi kusini kati ya latitudo hizo, kilomita 5,200 hivi, wakazidisha kwa 360 na kugawa kwa 47, wakapata mzingo wa dunia karibu kilomita 39,800. Kipimo halisi kupitia ncha ni kilomita 40,008. Eratosthenes alifanya kazi ya namna hii huko Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo hatukuliandalia. Walipokuwa wakifungasha vifaa, yule mtoto mwenye kigugumizi alisema wasiing'oe fimbo. Alisema kwa shida, na watu walingoja. Babu yake Tanga alimwonyesha kwamba kivuli cha adhuhuri kikiongezewa urefu wa fimbo yenyewe, wakati wa alasiri umeingia. Kwa hiyo, alisema, wangoje mpaka kivuli kifike sentimita 184.

Mama yake alishtuka. Je, hii si dini? Mwanawe anavunja kanuni aliyoiandika yeye mwenyewe? Alimtazama yule mama asiye na dini, na mama yule akaketi tena kwenye majani, akasema yeye anataka kuona. Wakangoja. Saa kumi na dakika arobaini kasoro kidogo ncha ya kivuli ilifika kwenye alama. Mtoto wa Kiyahudi akaeleza kwamba kwao pia saa za sala huhesabiwa kwa jua, kwa kugawa mchana sehemu kumi na mbili. Wakubwa wakaanza kuuliza kama sentimita 184 zingefika saa ile ile huko Tanga, na mjadala huo ulichukua juma zima lililofuata.

Nilipoulizwa nilijibu kwamba kanuni haikuvunjwa. Kueleza kwamba watu fulani hupima wakati wa sala kwa kivuli ni kufundisha juu ya watu na juu ya jua. Kuwaambia watoto wote waswali ingekuwa jambo jingine. Kikundi kisichofungamana na dini hakina haja ya kujifanya kwamba dini hazipo duniani. Mtoto akikatazwa kutaja alichofundishwa na babu yake, amefungiwa mlango kwa namna nyingine. Kanuni ya pili iliongezewa sentensi moja inayosema hivyo, na nadhani sentensi hiyo ndiyo bora kuliko zote walizoandika.

Mambo madogo ya uendeshaji

Mahali pa kukutania wamebaki maktabani na katika bustani ya umma. Kanisa moja liliwapa ukumbi bure na kwa moyo mwema, lakini walihofu kwamba mtu mpya atafikiri vingine akiona jengo. Michango ni midogo na ya hiari, maana ada ikiwa kubwa kikundi hakiwi tena cha wote, hata kanuni ziseme nini. Hakuna mzazi anayeacha mtoto na kuondoka, na hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto wa mwenzake. Kalenda hutengenezwa kwa kuuliza kwanza: hakuna safari siku ya Jumamosi, wala karamu za chakula mchana wa Ramadhani. Kituo cha zimamoto hutembelewa kila mwaka, na hilo huingia katika majalada yote.

Maswali ya kujadili na wanachuo

1. Andaa somo moja la kufundisha watoto wa umri wa miaka mitano hadi kumi na minne pamoja, ukitumia kitu kimoja kinachopatikana katika kijiji chako. Onyesha swali la kila umri.

2. Katika darasa lako la sayansi mwanafunzi anaeleza jambo alilofundishwa madrasani au kanisani. Ni wakati gani utamwacha aendelee, na ni wakati gani utamzuia? Kwa maneno gani?

3. Yule baba aliyeondoka na watoto wake wawili bado anakaa katika mji ule ule. Mtoto mwenye kigugumizi humwuliza mama yake habari za rafiki yake. Andika barua ambayo mama huyu angeweza kumpelekea baba yule, bila kuiondoa kanuni ya pili.